Asubuhi Ambayo Régina Hakufagia

Lusangi nzima hakuna aliyepata kuuwahi ufagio wa Mama Régina. Majogoo walijaribu, wakashindwa. Tangu aolewe, miaka arobaini sasa, alikuwa akiinama uwanjani kwake kabla jua halijachomoza, akafagia kuanzia mlango wa jiko mpaka barabarani, na udongo mwekundu ukabaki na mistari kama kichwa kilichochanwa. Jani likidondoka saa nne, alilifuata. Watu walimcheka chini chini, lakini walimheshimu, na ndiyo maana walimfanya mkubwa wa salongo mtaani kwao, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, ya kufyeka kando ya barabara na kuzibua mitaro.

Msidhani ni usafi tu. Huko uwanja una maneno yake. Ukipita nyumba ya mtu jua limepanda na uwanja haujafagiwa, unasimama na kuuliza nani amekufa, kwa kuwa penye msiba ufagio hulala mpaka matanga yaondolewe. Na mfiwa akiwa mbali, akizika kwenye kijiji kingine, majirani huingia kwake siku za mwisho wakafyeka na kufagia kila kitu, ili akirudi asikute majani yameota juu ya huzuni yake. Ni heshima kubwa, na katika heshima hiyo Régina hakuwa na mpinzani.

Nyuma ya ua wake palikuwa na shimo la zamani la matofali. Watu walichimba udongo pale miaka na miaka, wakajenga nusu ya Lusangi, wakaondoka wakaacha kidonda. Jirani yake Carine na mumewe Zéphirin, seremala, waliliomba shimo hilo kwa wakubwa wa kijiji. Wakakusanyika, pamoja na wao wawili, watu saba wa kujitolea, Wakristo na Waislamu, kati yao Nathanaël wa pikipiki na Assumani fundi cherehani, na kila Jumatano alasiri wakawa wanapanda. Hakuna aliyewalipa hata kikombe cha chumvi.

Kupanda nini? Hapo ndipo watu walipochekea. Hawakupanda muhogo wala mahindi. Walipanda pori. Walitembea siku mbili kwenda na kurudi, mpaka msitu wenyewe uliko siku hizi baada ya makaa, tanuri za matofali na wachimba dhahabu wa Salamabila kuumaliza ule wa karibu, wakarudi na miche vichwani: mboga za fumbwa za kutambaa juu ya miti, matungulu ya matunda mekundu, na miti ambayo wazee tu ndio waliokumbuka majina yake kwa Kibangubangu. Ndege wakaanza kurudi. Nyuki wakaja. Vinyonga wakaja pia, na hao hakuna aliyewaalika.

Régina na Carine walikuwa marafiki tangu wakiteka maji pamoja, wasichana wadogo wenye vibuyu. Walipatana katika kila kitu isipokuwa lile shimo. Kwa Régina, mtu mwenye akili zake hawezi kutoka jasho kuotesha kile ambacho wenzake wanatoka jasho kung'oa. Jioni Carine alisimama upande wake wa ua, mikono imejaa udongo, akimwita.

"Régina, unaogopa nini? Ingia uone."

"Nitaingia siku mutapalilia," Régina alijibu, na wote wawili wakacheka. Miaka saba walirushiana maneno hayo hayo, na miaka saba Régina hakuingia.

Kisha Carine akaugua. Mwaka ule wote bustani ilionekana, kwa macho ya Régina, kama nyumba iliyokimbiwa na mama yake. Wanaume wale wa Jumatano walikuja, wakainama, wakanong'ona chini ya miti, wakaenda zao, na majani yakabaki vile vile. Mwanzoni mwa Machi Carine akafia hospitalini Kasongo. Wakamrudisha Kabambare, asili ya ukoo wao, kaburini kwa wazazi wake, na wale wajitoleaji wote wakaenda naye kwa pikipiki. Mvua ikakata barabara nyuma yao. Siku nane za matanga zikawa kumi na mbili.

Régina magoti yalimkataza kwenda. Alibaki nyumbani, na kilio hakikutoka. Kuna watu machozi yao hutokea mikononi. Siku ya kumi aliketi jikoni akiangalia lile pori juu ya ua, akamwona kwa mawazo marehemu rafiki yake anasemwa na watu, na Zéphirin anarudi peke yake kwenye majani yanayomfika kiunoni. Akainuka. Akaita salongo.

Walikuja watu thelathini, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na panga lake au kisu cha kufyekea, na wakafanya kazi kwa upendo. Lazima niliseme hilo, maana baadaye watasemwa. Waliimba nyimbo alizopenda Carine. Walikata fumbwa, wakang'oa matungulu, wakafukuza kinyonga mmoja kwa fimbo ndefu huku wasichana wakipiga kelele. Katikati walikuta mti mmoja mchanga, unene wa mkono wa mwanamume, ambao majani yake yalikuwa matundu matupu na mengine yamebaki mishipa tu. Régina akautazama kwa huruma. Mti mgonjwa, akasema, utaambukiza mingine. Aliukata mwenyewe, mapigo manne. Jioni palikuwa peupe mpaka ungeweza kuanika mpunga. Wakafagia. Wakapanga mawe pembeni, wakayapaka chokaa. Régina alisimama kwenye lango akajisikia, kwa mara ya kwanza tangu habari za kifo zimfikie, kwamba pumzi inashuka mpaka chini.

Usilolijua ni usiku wa giza. Jumatatu alfajiri walirudi na majembe, kwa sababu Régina alitaka Zéphirin akute matuta ya mboga za lengalenga yamekwisha pandwa. Wakaanza langoni kuelekea katikati. Mara kwa mara jembe la Régina lilikata kitu kwenye udongo, kitu cha kahawia, kigumu, kirefu kama kidole gumba, na ndani yake mkatoka maji mazito ya manjano. Alifikiri ni funza fulani. Alikata kimoja, viwili, vitano. Alifurahi kwamba udongo una uhai.

Walikuwa wamekwisha lima theluthi moja ya bustani pikipiki ya Nathanaël iliposimama barabarani. Alitangulia wenzake kuleta habari kwamba Zéphirin atafika jioni. Alikuwa tope mpaka kwenye nyusi. Akaingia langoni, akasimama, kisha akakaa chini pale pale juu ya tuta jipya. Wanawake wakadhani ni uchovu, wakamletea maji. Hakuyanywa.

"Mama Régina," akasema, "ile muti ya katikati iko wapi?"

"Ilikuwa mugonjwa. Majani yake yote ilikuwa na matundu."

"Haikuwa mugonjwa. Ni viwavi vilikula."

Akaeleza polepole, kama anayemweleza mtoto, na hakupandisha sauti. Mti ule ulikuwa mti wa viwavi, wale wa kula ambao mama yake Carine aliwaokota kwa vikapu Carine akiwa mtoto, na ambao Lusangi haikuwaona tena kwenye miti yake tangu msitu uishe. Carine aliuleta mche huo kichwani. Miaka saba waliungoja. Mwezi wa Januari, Carine yuko kitandani, vipepeo wakaja wakataga, na mwezi wa pili mti ukajaa. Wajitoleaji hawakumwambia mtu yeyote, kwa kuogopa vikapu vya majirani.

"Mama Carine alisema mwaka wa kwanza tusikule hata kimoja," Nathanaël akasema. "Alisema hii ni mbegu. Wiki moja mbele ya kufa kwake vilishuka vyote, vikaingia mu udongo kulala. Vinangoja mvua ya Septemba, vitoke vipepeo."

Régina aliwajua viwavi wa sokoni, wakavu, wanaopimwa kwa kopo. Tangu azaliwe hakuwahi kujiuliza wanalala wapi. Sasa aliangalia jembe lake. Kwenye ncha yake ile manjano ilikuwa imeanza kukauka.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama. Wanawake walibeba majembe yao mabegani, wakatoka mmoja mmoja wakikanyaga kwa vidole. Wengine walisema kwamba hata Zéphirin angeweza kuweka kibao cha onyo. Labda ni kweli. Lakini Régina alimfahamu Zéphirin, angeuliza ni nani anayeuwekea mti kibao kama duka. Na alijifahamu mwenyewe. Aliitwa aingie kwa miaka saba, na siku aliyoingia alikuwa na panga.

Alikaa mpaka saa nane. Alifikiri kumwachia Nathanaël habari, yeye ajifungie ndani na magoti yake. Kisha akafunga kitambaa kichwani, akashika njia ya Kabambare kwa miguu, kwa sababu aliona kwamba mzee Zéphirin asiruhusiwe kuliona shimo lile kabla hajasikia kwa kinywa cha aliyeliharibu. Alimkuta kwenye daraja la miti, ameshuka kwenye pikipiki ya watu ili ipite. Zéphirin alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Alipomwona Régina alidhani amekuja kumpokea kwa kilio, akafungua mikono.

Régina hakuiingia mikono hiyo. Alisema yote akiwa amesimama, kwa mpangilio, salongo, mti, mapigo manne, majembe, vile vitu vya kahawia, na hakujitetea kwa neno moja. Mwendesha pikipiki alijifanya anatazama gurudumu.

Zéphirin alishusha mikono.

"Mulilima mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka karibu na kisiki."

"Na ngambo ya juu?"

"Hatukufika."

Akatikisa kichwa, akapangusa uso kwa kiganja. "Miye niko seremala, shemeji. Miaka makumi tatu nilikata miti ya hii inchi yetu, na hakuna hata mutu mumoja alinifuata ku daraja kunililia. Sina kinywa cha kukuhukumu." Akatazama maji chini ya daraja. "Lakini Carine alikuwa anakungoja uingie. Sasa umeingia. Usitoke tena."

Hivyo ndivyo Mama Régina alivyokuwa mtu wa saba wa bustani, mahali pa Carine. Kazi aliyopewa ilikuwa ngumu kuliko zote alizowahi kufanya: kutofanya kitu. Yeye ndiye aliyekaa karibu, basi yeye ndiye alinde ule udongo usilimwe, usikanyagwe, usifagiwe, mpaka mvua za Septemba. Kama kulikuwa na kitu kilichobaki hai pale chini, hakuna aliyejua. Kuchimba kuangalia kungekuwa kuua kilichobaki.

Jamani, aliteseka. Majani yalianza kuchomoza wiki ya pili, na yeye alikuwa akiyaona kutoka jikoni. Mikono ilimwasha. Nadine, binti yake, alimkuta mara moja ameinama juu ya ua, vidole vimeshika jani moja changa la mgagani, analiambia kwamba wao wawili watazungumza siku nyingine. Fumbwa zikatoka tena kwenye mizizi, kwa sababu kitu cha pori kimezoea panga tangu zamani na hakitishiki upesi. Mwezi wa Mei, kwenye kisiki cha ule mti, vikatoka vichipukizi vitatu. Régina alivihesabu kila siku kama anayehesabu vifaranga.

Salongo nayo ikamrudia. Wale wale aliowafundisha kufyeka walikuja Jumamosi moja na mapanga, mkubwa wa avenue, kiongozi wa mtaa, mbele yao, wakisema mahali pale pameanza tena kuaibisha mtaa. Régina akasimama langoni na mikono kiunoni. Hakusema mengi. Aliwaambia waanze na uwanja wake yeye kama wanatafuta uchafu, na kwa kuwa hakuna uchafu uliowahi kuonekana katika uwanja wa Régina, wakabaki wanatazamana, kisha wakaenda kuzibua mitaro. Nyuma yake walisema mama wa watu amerogwa na vinyonga. Alisikia. Zamani naye angesema hivyo hivyo.

Kiangazi kikaja na hofu yake. Julai watu huchoma mashamba, na moto wa Lusangi haujui mpaka wa mtu. Zéphirin alikuwa na wasiwasi kwamba moto ukiingia bustanini utaoka kila kitu, cha juu na cha chini ya udongo. Hapo ndipo ufagio ulipopata kazi. Régina akafyeka njia ya hatua tatu kuizunguka bustani kwa nje, na kila alfajiri, baada ya uwanja wake, akaifagia njia hiyo mpaka pasibaki jani kavu hata moja la kubeba cheche. Magoti yalilia. Nadine alimkataza, akakataliwa. Mwisho wa mwezi moto ulikuja kweli, kutoka shamba la muhogo la upande wa chini, ukala nyasi zote mpaka kwenye ile njia nyekundu iliyochanwa mistari, ukatafuta pa kupita, ukafa. Zéphirin aliitazama ile mistari muda mrefu. Akasema Carine angecheka.

Agosti ikapita. Septemba ikaanza bila mvua, na Régina akaacha kula vizuri. Alikuwa anakumbuka vile vitano alivyovikata, na vingine vingapi vilikatwa na majembe ya wenzake, na kila hesabu aliyopiga iliishia kwamba hakuna kilichobaki. Alikuwa amemwua Carine mara ya pili, alimwambia padri. Tarehe kumi na tisa mvua ikanyesha mchana kutwa. Asubuhi iliyofuata, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Zéphirin alikuja, akaangalia juu ya ua, akarudi nyumbani bila kuomba hata maji.

Asubuhi ya tatu Régina alitoka na ufagio wake kama kawaida, mbingu ikiwa na rangi ya majivu. Alianza mlangoni kwa jiko. Alifagia hatua nne, akainua mkono kwa hatua ya tano, na ufagio ukabaki hewani.

Uwanjani, juu ya udongo aliouchana mwenyewe jana, alikuwepo kipepeo mkubwa wa rangi ya ndizi mbivu, mabawa yake bado yamekunjamana na majimaji kama nguo iliyokamuliwa. Alikuwa anatembea. Kupita kwake kuliacha alama nyembamba iliyokatisha mistari ya ufagio, kutoka chini ya ua wa bustani. Nyuma yake alikuwa wa pili. Wa tatu alikuwa amepanda ukuta wa jiko uliopakwa chokaa, ananing'inia, na mabawa yake yalikuwa yakifunguka polepole. Régina akageuza kichwa kwa tahadhari. Kwenye ua, kwenye miti ya kuanikia nguo, kwenye kile kigoda alichokalia akimenya muhogo, walikuwa kumi na mmoja.

Aliuweka ufagio chini bila sauti. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango na miguu ameivuta ndani.

Jua likapanda. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita, na uwanja wa Mama Régina haukufagiwa. Wa kwanza kupita alikuwa mwanamke muuza muhogo; alisimama, akaona uwanja, akaona mama mwenyewe ameketi mlangoni amejishika shavu, akatua kikapu chake na kukimbia. Mtaa mzima ukajua kwa muda wa kuchemsha chai. Wakaanza kuja wanawake wamefunga vitenge kiunoni, mmoja na ndoo ya maji, mwingine na kuni kichwani, kama watu wanavyokuja penye msiba. Assumani alifunga cherehani yake, akaja na kofia mkononi. Zéphirin alikuja nyuma ya wote, anatembea haraka isiyo ya umri wake, uso umemwiva kwa woga, kwani mtu aliyezika mwaka huo huogopa kila uwanja.

Walisimama barabarani, hakuna aliyethubutu kukanyaga ndani. Ni Zéphirin aliyeuliza.

"Shemeji, nani amekufa?"

Régina alinyoosha kidole kuonyesha ukuta wa jiko. Wale wawili wa kwanza nao walikuwa wamepanda hapo na mabawa yamekwisha kauka, na mmoja wao aliinuka, akayumba juu ya uwanja, akavuka ua kuelekea kwenye vile vichipukizi vitatu.

"Hakuna mutu amekufa," akasema. "Leo hakuna mutu amekufa." Na hapo ndipo Mama Régina alipoanza kumlilia Carine, kilio kirefu cha miezi sita, mbele ya watu wote, na uwanja mchafu.